CNA, LPN au RN: ukiwa Marekani, uanze na ipi?

Simu hizi huja Jumapili jioni. "Shikamoo dada. Mgongo umekwisha kwa kubeba boksi, nataka kuingia unesi. Nianze na ipi?" Anayeuliza huwa ameshayasikia majina yote matatu, CNA, LPN na RN, na mishahara yake ameshaisikia pia, mara nyingi ikiwa imetiwa chumvi na binamu aliyeko Texas. Asichoambiwa ni nani anaruhusiwa kugusa nini, na jambo likiharibika usiku wa manane anaulizwa nani. Mimi nilikuwa CNA miaka mitatu, na nimekuwa LPN tangu hapo. Nitaanza na kazi ya mikono, pesa zitafuata.

Majina kwanza, haraka. CNA ni mhudumu wa wagonjwa mwenye cheti. Si nesi, ingawa nyumbani watakuita nesi ukituma picha umevaa sare. LPN ni nesi mwenye leseni, wa ngazi ya kwanza. California na Texas wanamwita LVN, kazi ni ile ile. RN ni nesi aliyesajiliwa, mwenye ngazi ya juu. Kama umetoka Tanzania, LPN anakaribiana na nesi wa astashahada, na RN na yule wa stashahada au shahada. Kwa Kenya ni nesi wa cheti na nesi wa diploma. Nimesema anakaribiana tu. Nitalirudia hilo hapo chini, maana limewapotezea watu miaka.

Mzee wa chumba cha 14

Tuchukue mzee mmoja. Ana miaka 81, ana sukari, kisigino cha kushoto kina kidonda, na mkojo wake unatoka kwa mpira. Anaishi kwenye nyumba ya wazee, na katika siku moja atahudumiwa na watu wa aina zote tatu.

Wa kwanza ni CNA. Ndiye anayemwamsha, anayemwosha, anayembadilisha pampasi, anayemvisha soksi bila kukigusa kile kisigino. Anamgeuza kila baada ya saa mbili ili mgongo usitoe vidonda vingine. Anampima presha na joto, anamlisha, kisha anaandika amekula kiasi gani na mfuko wa mkojo umejaa kiasi gani. Dawa hampi, hata kidonge cha kichwa. (Baadhi ya majimbo yana kozi ya ziada inayomruhusu mhudumu kugawa vidonge, lakini hicho ni cheti kingine.) Watu huidharau kazi hii, wanaiita kuosha wazee, na kuosha unaosha kweli. Ila ndiye pekee anayeuona mwili wote wa yule mzee kila siku, kwa hiyo ndiye wa kwanza kujua kwamba wekundu wa kisigino umepanda hadi kwenye kifundo.

LPN huja akisukuma toroli la dawa. Anachoma kidole, anasoma sukari, anaangalia oda ya daktari inasema nini kwa sukari ya kiwango hicho, anavuta insulini na kumchoma. Vidonge vya presha anavitoa, lakini akisoma kwenye chati kwamba presha ya asubuhi ilikuwa chini mno, anakizuia kile kidonge na kumpigia daktari. Anafungua bandeji ya kisigino, anaosha kidonda, anakipima kwa rula urefu na upana, anafunga upya na kuandika alichokiona. Mpira wa mkojo ukiziba, ni yeye anayeubadilisha. Mgonjwa wa jirani anayelishwa kwa mrija wa tumboni, ni wake pia. Zamu yangu ya usiku huwa na wazee 28. Asiyewahi kusukuma hilo toroli hajui jinsi dakika zinavyokimbia.

RN kwa mzee huyu huonekana mara chache, na hapo ndipo watu wanapokosea kufikiri kwamba anafanya kidogo. Mzee alipopokelewa, ni RN aliyemkagua kuanzia kichwa hadi unyayo na kuamua matatizo yake ni yapi, yapi yaanze, na kila zamu ifanye nini. Kwenye nyumba za wazee sheria ya shirikisho inataka RN ndiye asaini kwamba ile tathmini rasmi ya mgonjwa imekamilika. Hospitalini ndiye anayetundika damu, anayesukuma dawa moja kwa moja kwenye mshipa na anayehudumia mirija inayoingia karibu na moyo. Kwa maneno ya darasani, LPN anakusanya taarifa na kutekeleza mpango, RN anazitafsiri taarifa na kuutunga mpango. Mistari hiyo huchorwa na kila jimbo kivyake. Kuna majimbo ambako LPN mwenye kozi ya ziada anaanzisha dripu na kuisimamia, na kuna mengine ambako karibu kila kitu cha mshipani amekatazwa.

Sasa saa nane usiku. Yule mzee anaanza kuongea ovyo, anamwita mke wake aliyekwisha kufa, anavuta mpira. CNA anakuja mbio: "Nesi, mzee wa 14 hayuko sawa." LPN anaingia, anapima joto, presha, sukari, oksijeni ya kidoleni, anatazama mkojo, rangi na harufu. Analinganisha na vipimo vya jana, anampigia daktari wa zamu, na hali ikiwa mbaya anaita gari la wagonjwa. RN yuko wapi? Huenda amelala kwake, simu mezani. Sheria inaitaka nyumba ya wazee iwe na nesi mwenye leseni saa zote 24, lakini RN mwenyewe inamtaka angalau saa 8 mfululizo kwa siku. Kwa hiyo usiku, anayebaki na jengo zima anaweza kuwa LPN peke yake. Kwenye karatasi anafanya kazi chini ya uongozi wa RN au daktari. Kwenye korido hakuna mwingine.

Hili halimo kwenye kipeperushi cha chuo chochote nilichowahi kukiona. Nyumba moja niliyoanzia kazi, msimamizi alinipigia simu usiku nimjazie tathmini yote ya mgonjwa mpya, yeye angekuja kusaini asubuhi. Nilijaza vipimo, nikaandika nilichokiona kwa macho, sehemu ya maamuzi nikaiacha wazi. "Mbona wenzako wote wanajaza?" Sikuwa na jibu la maana zaidi ya kwamba leseni ina jina langu. Mwezi mzima sikupangiwa zamu ya ziada, na nilikuwa nazitegemea kulipa kodi ya nyumba. Ukichagua LPN, jua kwamba siku moja utaombwa kuvuka mstari, na atakayekuomba hatakuwa amekaa karibu yako bodi ya wauguzi itakapokuita.

Muda, ada na mfuko

Mishahara ninayoiandika ni ya kati kwa nchi nzima, kwa takwimu za serikali ya Marekani za Mei 2024: nusu ya watu wanapata zaidi ya hapo, nusu pungufu. Jimbo na jiji vinaweza kuivuta juu au chini sana.

| | CNA | LPN | RN |
|---|---|---|---|
| Masomo | saa 75 au zaidi, wiki chache | karibu mwaka 1 | miaka 2 hadi 4 |
| Mtihani | wa jimbo, maandishi na vitendo | NCLEX-PN | NCLEX-RN |
| Mshahara wa kati kwa mwaka | zaidi kidogo ya dola 39,000 | dola 62,340 | dola 93,600 |
| Kwa saa, takriban | 19 | 30 | 45 |
| Anakopatikana zaidi | nyumba za wazee, hospitali | nyumba za wazee, majumbani, kliniki | hospitali |

Jedwali linadanganya kidogo kwenye mstari wa kwanza. Saa 75 ni kiwango cha chini cha shirikisho, 16 kati yake zikiwa za vitendo. Maine wanadai 180. Halafu ule "mwaka mmoja" wa LPN hauhesabu foleni ya kupokelewa wala masomo ya awali ambayo vyuo vingine vinayataka. "Miaka miwili" ya RN nayo huanza kuhesabiwa baada ya kumaliza anatomia, fiziolojia na maikrobaiolojia. Anayefanya kazi huku anasoma humaliza kwa mitatu, na hakuna aibu.

Kuhusu CNA kuna haki ambayo wengi hawaijui. Nyumba ya wazee iliyokwisha kukuajiri haiwezi kukutoza ada ya mafunzo hayo. Na ukijilipia mwenyewe kisha ukaajiriwa kwenye nyumba ya namna hiyo ndani ya miezi 12, una haki ya kurudishiwa gharama zako. Tunza risiti. Ukiwacha kazi hiyo ya malipo miezi 24 mfululizo, jina lako huondoka kwenye daftari la jimbo na unaanza mafunzo au mtihani upya.

Kwa LPN na RN hakuna haki ya namna hiyo. Kuna ruzuku ya serikali iitwayo Pell Grant, isiyolipwa tena, ambayo kiwango chake cha juu kwa mwaka wa masomo 2025–26 ni dola 7,395. Raia na wenye grini kadi wa kipato kidogo wanaiomba. Aliyekuja kwa viza ya mwanafunzi haipati. Kwenye chuo cha jamii (community college, chuo cha umma cha ada nafuu) ruzuku hiyo inaweza kufunika sehemu kubwa ya ada ya mwaka. Kwenye chuo binafsi cha ufundi, kile chenye madarasa ya jioni na wikendi na mtu wa kugawa vipeperushi nje ya ibada yetu ya Kiswahili, huenda isifunike hata robo. Sisemi vyuo hivyo vyote ni vibaya. Mimi nimesomea kimoja, kwa sababu zamu zangu hazikuniruhusu kwingine, na deni lake bado nalilipa.

Ila kabla hujaweka saini, uliza mambo matatu. Je, bodi ya wauguzi ya jimbo imekiidhinisha? Wanafunzi wake wangapi kati ya mia wanapita NCLEX mara ya kwanza? (Bodi nyingi huitangaza asilimia hiyo, usimtegemee mwuza kozi.) Na la tatu, ambalo ndilo zito: chuo cha jamii cha hapo mjini kitayatambua masomo haya nikitaka kuvuka kuwa RN?

Nitakaa kidogo kwenye hilo la tatu. LPN aliyetoka chuo chenye ithibati inayotambuliwa anaweza kuingia kozi ya kumvusha kuwa RN kwa mwaka mmoja au na nusu, huku akilipwa dola 30 kwa saa badala ya 19. Hesabu yake inakuwa nzuri: amechelewa kidogo kuliko aliyekwenda RN moja kwa moja, lakini amekula, amelipa kodi ya nyumba na ametuma pesa nyumbani njiani. LPN ambaye masomo yake hayatambuliwi anaanza RN kama mtu aliyetoka sekondari jana. Ule mwaka umempa leseni, haukumpa ngazi. Tofauti ya hawa wawili ilikuwa swali moja ambalo halikuulizwa siku ya kujiandikisha.

Na anayekuahidi diploma bila kuhudhuria, mkimbie. Januari 2023 FBI na waendesha mashtaka wa Florida walitangaza kwamba zaidi ya diploma 7,600 bandia za unesi, za LPN na za RN, zilikuwa zimeuzwa kupitia vyuo vitatu vya kusini mwa jimbo hilo. Vyuo vyenyewe vilishafungwa, na bodi za majimbo mbalimbali zikaanza kuwafuatilia waliokuwa nazo, hata waliokuwa wamefaulu mtihani na kuajiriwa.

Mtihani

Mtihani wa CNA ni wa kukaa na wa kutenda. Kunawa mikono mbele ya msimamizi kunahesabiwa, na wapo wanaoanguka hapo hapo kwa kuharakisha.

NCLEX-PN na NCLEX-RN zinafanana sura: kompyuta, maswali 85 hadi 150, muda wa juu saa 5, ada ya mtihani dola 200 bila kuhesabu ada ya leseni ya jimbo. Kompyuta hukuchagulia swali linalofuata kwa jinsi ulivyojibu lililopita, na hukatika inapokuwa imeshajua uko upande gani wa mstari. Kwa hiyo kukatika kwenye swali la 85 si habari njema wala mbaya. Wa LPN unakuuliza zaidi utafanya nini na utamripoti nani. Wa RN unakuuliza kati ya wagonjwa wanne uanze na yupi, na kazi ipi umkabidhi LPN. Ukianguka, unasubiri siku 45 kabla ya kurudi, na majimbo mengine yana masharti yake juu ya hapo. Wenzetu niliosoma nao hawakuangushwa na unesi, waliangushwa na kasi ya kusoma Kiingereza cha maswali marefu yenye majibu mawili yanayoonekana sawa. Dawa yake ni kufanya maswali kila siku. Kukariri kitabu hakusaidii.

Kama una cheti cha nyumbani

Nilisema nitalirudia. Nesi wa stashahada aliyetoka Muhimbili au wa diploma aliyetoka Nairobi asikimbilie LPN kwa kuwa ni ya karibu. Apeleke kwanza karatasi zake zikatathminiwe, kwa kawaida kupitia CGFNS, shirika la kukagua vyeti vya wauguzi wa nje ambalo siku hizi linaitwa TruMerit, na aulize bodi ya jimbo analotaka kufanyia kazi kama anaweza kuketi kwa NCLEX-RN moja kwa moja. Namjua mama mmoja aliyefanya CNA miaka sita huku cheti chake cha unesi kikiwa ndani ya begi chini ya kitanda, akiamini hakina thamani huku. Kilichokuwa kigumu kwake, alipoanza, kilikuwa chuo chake cha zamani na baraza la wauguzi kutuma rekodi wenyewe, moja kwa moja, bila kupitia mkononi mwake. Ilichukua miezi mingi na simu nyingi za alfajiri. Mwenye ndugu wa kwenda kukaa kwenye benchi la ofisi huko nyumbani amtume.

Aliye bado nyumbani na anafikiria kuja kwa njia ya kazi naye ajue hili: kwa uhamiaji wa Marekani, RN yumo kwenye orodha maalumu ambayo mwajiri hahitaji kwanza kuthibitisha kwamba amemtafuta Mmarekani akamkosa. LPN hayumo. Akikutokea wakala anayekuuzia nafasi ya LPN kama njia ya mkato, muulize hilo, umtazame usoni.

Nani achague ipi

Una mwezi mmoja tangu ufike, Kiingereza bado kizito, kodi inadaiwa: CNA, bila kujiuliza mara mbili. Utazoea lugha ya wodi, na utajua kama tumbo lako linaihimili kazi hii. Jiwekee tu tarehe ya kutoka. Mimi nilisema mwaka mmoja nikakaa mitatu, kwa sababu zamu za ziada ni tamu na uchovu ni mzuri wa kuahirisha mambo.

Una watoto, huna wa kukushikia kaya miaka miwili au mitatu, na chuo cha jamii cha karibu kina kozi ya kumvusha LPN: chukua LPN. Hesabu pia kazi yenyewe. Hospitali nyingi zimekuwa zikimtaka RN, ingawa tangu Korona baadhi zimeanza kuwaita LPN tena. Mahali pako pa uhakika ni nyumba za wazee, kliniki, magereza, na kumhudumia mgonjwa mmoja nyumbani kwake. Hiyo ya mwisho watu hawaizungumzii vya kutosha. Usiku mzima unakaa na mtoto mmoja mwenye mrija wa kupumulia shingoni, unamnyonya makohozi, unamlisha kwa mrija, unasikiliza mashine. Ni kazi ya kukaa macho kweli, mashine ikilia huna dakika ya kupoteza. Lakini huna wazee 28, na mgongo unapona.

Una miaka ishirini na kitu, huna mtoto, unaishi kwa shangazi bila kodi: usipite LPN kabisa. Nenda RN. Kila mara nikimwona kijana wa hivyo amejiandikisha chuo cha jioni kwa dola nyingi ili "aanze kidogo kidogo", roho huniuma. Hiyo ni njia yetu sisi tuliobanwa, yeye hajabanwa.

Unataka kuhamahama majimbo? Hapo LPN na RN wako sawa: mkataba wa leseni ya pamoja una majimbo zaidi ya 40, na wote wawili wamo. California na New York hayamo. Kumbuka tu kwamba leseni inavuka mpaka, ruhusa ya kugusa dripu haivuki nayo. Unafuata sheria ya jimbo ambako mgonjwa yuko.

Na wa Kanada wasinifuate kwa hesabu hizi. Huko RN, ukiacha Quebec, anatakiwa shahada ya miaka minne, na LPN, ambaye Ontario wanamwita RPN, husoma diploma ya kama miaka miwili na anaruhusiwa mengi zaidi ya mwenzake wa huku. Pengo lao ni la aina nyingine.

Wiki hii, kabla ya kulipa chochote, mwandikie barua pepe mshauri wa wanafunzi wa chuo cha jamii kilicho karibu. Mtaje kwa jina kile chuo unachotaka kusomea LPN, umuulize kama watayapokea masomo ya chuo hicho kwenye kozi yao ya RN. Akijibu kwa simu, mwombe aandike. Mimi jibu langu nililipata nikiwa nimeshalipa nusu ya ada, na kwa bahati lilikuwa ndiyo. Sasa niko muhula wa pili wa kuvuka, kwa hiyo ukipiga Jumapili nisipokee, ujue niko na famakolojia. Nitakupigia baada ya saa tatu, watoto wakilala.